Oxford Advanced Learner's: kamusi ya kununua kama maswali ya grama yanakusumbua

Mtu akisema ana kamusi ya Oxford mara nyingi anamaanisha ile ndogo ya mfukoni, mi hapa naongelea lile dubwana lenyewe, Oxford Advanced Learner's, toleo la 10 la mwaka 2020, kwa sababu maswali ya Kiingereza ninayoulizwa na vijana wa tuisheni na hata watu wazima maofisini karibu yote yamejibiwa mle ndani na wengi hawajui kabisa.

Kamusi ya TUKI, ile ya Kiingereza kwa Kiswahili, naipenda na siiachi, ila yenyewe inakupa maana tu. Unajua "advice" ni ushauri, freshi, halafu kwenye barua ya kazi unaandika "advices". Ukifungua Oxford, pembeni ya hilo neno kuna herufi U, yaani halihesabiki, basi hakuna "advices" wala "an advice". "Information", "furniture", "equipment", "homework", zote U. Sisi tunasema taarifa mbili, vifaa vitano, bila tatizo lolote, ndo maana haya makosa yanatutoka sana, na hiyo herufi moja inamaliza ubishi wote.

Ila utamu wenyewe uko kwenye vitenzi. Ukitafuta "suggest" unaonyeshwa kabisa neno linakaa na nini, "suggest doing", "suggest that", kwa hiyo "he suggested me to go" unaiona mwenyewe kwamba haina pa kukaa. Kwenye "discuss" wameweka mpaka onyo usiongeze "about", na hilo kosa nalisikia kila kikao nnachoingia! Na wamelijua kwa sababu A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani, yeye na wenzake Gatenby na Wakefield wakaitoa kamusi Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaja kuichapisha 1948, kwa hiyo tangu siku ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza hakuzaliwa nacho. Kamusi za Waingereza wenyewe haya maswali hazihangaiki nayo sana. Maelezo nayo yametumia maneno rahisi, mtoto wa form two anaelewa.

Kwenye asili ya maneno sasa hapo ni ya wastani. Tovuti yao, Oxford Learner's Dictionaries, inakupa mistari miwili mitatu, mfano ile b ya "debt" isiyotamkwa, unaambiwa neno liliingia kutoka Kifaransa likiwa "dette" halafu tahajia ikabadilishwa ifanane na Kilatini "debitum". Wanafunzi wakijua hivyo hawaisahau tena ile b. Ila ukitaka historia ndefu nenda Etymonline, tovuti ya asili ya maneno ya Douglas Harper, iko bure na inachimba kweli, japo maswali ya grama haikusaidii.

Kitu kingine nilichokipenda, maneno yetu yamo, "shamba", "matatu", yamewekewa alama kwamba ni Kiingereza cha Afrika Mashariki.

Ubaya wake, maandishi madogo mno, taa ikiwa hafifu macho yanauma, na kulibeba kwenye daladala ni adhabu. Halafu alama zote zinaelezwa kwenye kurasa ambazo watu wanaziruka, ukimpa mtoto hii kamusi kaa naye kwanza mzisome pamoja, la sivyo ataishia kusoma maana tu kama kamusi nyingine yoyote.

Bei iko juu kwa mzazi wa kawaida, sitaficha. Kama una bando tumia tovuti, iko bure na inakutamkia neno kwa sauti ya Uingereza na ya Marekani. Ukitaka kitabu tafuta toleo la 8 au la 9 la mtumba, grama ni ile ile, ila ya kutoa kopi usinunue, alama za matamshi zinatoka zimefifia husomi kitu.