Sweta mpya ya shule: mtoto ameivaa miezi mitano, haya ndiyo niliyoyaona

Nijitambulishe kwanza, msije mkasema nimeficha kitu. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda Soko la Uhuru pale Jogoo Road, Nairobi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nashona marinda na kaptula za shule. Sweta sishoni, sina hata mashine ya kufuma, kwa hiyo asiniambie mtu nalia kwa sababu tenda haikuja kwangu. Binti yangu yuko Gredi ya 5 katika shule ya umma huku Eastlands. Sweta ninayoizungumzia ni yake: saizi 28, buluu iliyokolea, mistari miwili ya njano shingoni, nembo kifuani.

Niliinunua Januari kwa 1,450. Ile ya maruni ya zamani tulikuwa tunainunua 700 kwa jamaa anayefuma vibanda vitatu kutoka kwangu. Lakini barua ya shule ilisema sare imebadilika, na sweta yenye nembo inapatikana duka moja tu mjini. Duka lenyewe sitalitaja.

Foleni ilianzia kwenye ngazi. Nilipofika kaunta nikaigeuza ile sweta ndani nje, kama ninavyogeuza nguo yoyote, na kijana akaanza kunitazama vibaya.

"Mama, hiyo ni sufu nusu. Atavaa mpaka amalize shule."

Nikaomba mtoto aijaribu. Akasema haijaribiwi, itachafuka, na ikishatoka hairudi. Risiti nilipewa baada ya kuiomba mara mbili. Duka nalipatia nyota moja, na hiyo ni ya yule dada wa mlangoni aliyempisha mama mjamzito mbele ya foleni.

Nyumbani nilichomoa uzi kidogo kwenye mshono wa ndani nikauchoma kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka kama nywele, na jivu lake ukilifinya linasagika. Huu uliyeyuka, ukaacha kitonge cheusi kigumu. Akriliki tupu. Sasa, akriliki haina ubaya wowote. Sweta nyingi za shule Nairobi ni hiyo hiyo, inakauka upesi, na nondo hawana habari nayo. Ila usiniuzie kwa bei ya sufu.

Ufumaji wake ni wa haraka. Ukiinyoosha dirishani unaona mwanga kupitia kifuani. Mabega yameunganishwa kwa ovaloki peke yake, yaani ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, hakuna utepe wa kuyashikilia, na ndiyo maana kufikia Machi bega la kushoto, upande anaobebea mkoba, lilikuwa limeteremka vidole vitatu. Pindo za mikono zililegea wiki ya tatu. Najua binti yangu ana tabia ya kuvuta mikono ifunike viganja, lakini ile maruni iliivumilia tabia hiyo miaka miwili. Mbavuni, pale mkono unaposugua, pameota vitonge vya nyuzi kama ukurutu, na akikaa darasani anaving'oa kimoja kimoja. Mwalimu amelalamika.

Rangi, haki ya Mungu, haichuji. Niliisahau kwenye beseni pamoja na shati jeupe usiku kucha, na asubuhi shati likatoka jeupe. Nembo nayo imetariziwa vizuri sana, nyuma wamekata nyuzi safi. Aliyetarizi ni fundi, namvulia kofia. Sweta nyota mbili.

Bei ndiyo iliyonikosesha usingizi. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Sweta moja imepita hapo. Mtoto huyu huyu anakula chakula cha mchana cha Dishi na County, ule mpango wa kaunti ya Nairobi wa kulisha watoto shuleni, anagusisha bangili yake ya malipo, anapakuliwa wali na maharagwe, na mimi nachangia shilingi 5. Nilipiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya kukatia: sweta ni sawa na milo 290. Hakuna mwaka wa shule wenye siku nyingi hivyo.

Nilipouliza ofisini nani aliamua, jibu lilikuwa fupi: wazazi walipitisha. Na kweli kulikuwa na mkutano, Alhamisi moja ya Oktoba saa nne asubuhi. Ujumbe wa simu niliuona. Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, nikisema moyoni wataenda wengine, na kazi niliyokuwa naishona siku hiyo ilikuwa marinda ya sare ya shule nyingine. Hapo sina wa kumlaumu.

Basi nikatafuta Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nikaisoma kwa simu, usiku, miwani ikiteleza. Bodi ya usimamizi wa shule ina wawakilishi sita waliochaguliwa kwa ajili ya wazazi. Yuko pia mwakilishi wa walimu, wako watatu wa mfadhili, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kisha kuna chama cha wazazi, ambacho kila mzazi ni mwanachama hata asipojua, na kila darasa lina mwakilishi wake kwenye kamati. Wa kwetu Gredi ya 5 ni baba mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki. Nilimfuata dukani kwake nikamwambia sweta iingie kwenye ajenda ya mkutano wa muhula wa pili. Akacheka, akasema amengoja tangu Januari mtu aje na kitu cha kuandika.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya Juni, baridi ile inayokufanya ukumbuke umuhimu wa sweta. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Saa nzima iliishia kwa vyoo vya Gredi ya kwanza na ya pili, na ilistahili. Ilipofika zamu yangu nikatoa sweta mbili kwenye mfuko, maruni ya miaka miwili na buluu ya miezi mitano, nikamkabidhi mama aliyekaa mbele azipitishe. Sikuhutubu. Zilipita mikono yote mle ndani, watu wakizivuta na kuzinyanyua kwenye mwanga wa taa.

"Mama, hili lilipitishwa na wazazi," mwalimu mkuu akasema, kwa upole tu.

"Wazazi wangapi, mwalimu?"

Akafungua kitabu cha kumbukumbu. Thelathini na mmoja. Shule ina watoto zaidi ya 900.

Alieleza sababu, na haikuwa ya kijinga. Shule jirani nayo huvaa maruni, na kila mtoto akirusha jiwe stejini simu inapigwa kwetu. Rangi mpya ilihitajika, nakubali. Ila rangi haina duka. Hapo mwenyekiti wa bodi, mzee mtulivu aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kwa nini nembo isiuzwe na shule peke yake, sweta mzazi akanunua anapotaka. Mtu akapendekeza, mwingine akaunga mkono, mikono ikainuka. Jinsi duka lile lilivyopatikana hatukuelezwa vizuri, na Wizara ya Elimu imeshaonya mara nyingi juu ya kuwalazimisha wazazi kununua sare duka moja. Swali hilo limeandikwa, litajibiwa muhula wa tatu. Nitakuwepo.

Mkutano nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya madawati.

Kwa wazazi wenzangu: nembo inauzwa ofisini 120. Yule jamaa wa vibanda vitatu kutoka kwangu ameshapata uzi wa buluu ile ile, anafuma kwa 800, na mwambie aweke utepe mabegani, usingoje akumbuke mwenyewe. Nembo ishoneni kwa mkono, mashine itakunja kifua. Ya binti yangu nimeirekebisha mabega, imekaa. Mikono imenishinda.