Pesa ni ya kifaa kimoja: kinga gani ya pikipiki ununue kwanza ukiwa Dodoma

Wengi wanaoniuliza huwa wameshaamua kuanza na jaketi, kwa sababu ndilo linaloonekana. Mimi nalipanga la nne. Naendesha kila siku Nkuhungu hadi Mtumba na kurudi, na hesabu yangu ni hii: kifaa ambacho joto la Oktoba litakufanya ukiache nyumbani, hujakinunua.

Cha kwanza ni helmeti, au elementi kama wanavyoiita kijiweni. Nusu ya bajeti ya kinga zote iende hapa. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila si kila bakuli la plastiki ni helmeti. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu jeupe la ndani, linalobonyea badala ya fuvu. Funua kitambaa ulitazame. Ukikuta sponji tupu, irudishe. Kwenye mkanda tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara, ndiyo alama ya ECE 22.05 au 22.06, kiwango cha kimataifa cha usalama wa helmeti, ingawa lebo nayo hughushiwa, kwa hiyo povu lina neno la mwisho. Ivae dakika kumi palepale dukani: mashavu yabanwe, paji lisiume. Funga mkanda, ishike kisogoni uisukume kuja mbele. Ikichomoka, si saizi yako. Ya mtumba sinunui hata iwe na jina kubwa, maana povu likishabonyea halirudi na kwa nje huoni kitu. Chukua inayofunika kidevu, yenye kioo cheupe. Ya nusu kichwa ina hewa, lakini vumbi letu utalila lote, na ukianguka kifudifudi kidevu ndicho kinachotangulia.

Cha pili ni glavu. Hapa ndipo nabishana na watu. Mvua ikinyesha Dodoma makorongo yanamwaga mchanga juu ya lami, na mchanga huo unabaki siku kadhaa baada ya jua kurudi. Niliserereka juu yake nikiwa mwendo wa kawaida tu, nikatanguliza mikono kama afanyavyo kila anayeanguka. Helmeti haikupata hata mchubuko. Viganja vilichunika vyote viwili, na kwa wiki mbili nikawa nalishwa tonge la ugali kama mtoto. Tafuta glavu za ngozi zilizoongezwa tabaka kiganjani, zenye kamba ya kubana kifundo cha mkono. Za kufuma ni za baridi ya Julai tu.

Cha tatu ni viatu vinavyopita kifundo cha mguu. Buti za kazi za mtumba zinatosha. Kamba zifiche ndani zisinase kwenye gia. Yeboyebo vaa ukifika.

Jaketi sasa. Kwa mjini, la wavu lenye vikinga vya mabega, viwiko na mgongo ndilo utakalolivaa kweli saa nane mchana. Lile koti zito la alfajiri ni la baridi, na jaketi la ngozi la mitindo hufumuka kwenye mishono likiburuzwa. Lakini kama safari zako ni za mbali, za Kondoa au Iringa, lipandishe liwe la pili, glavu zifuate.

Vikinga vya magoti ni vya mwisho. Nunua vya kuvaa ndani ya suruali, vya nje huteleza. Kizibao cha rifrekta sijakipa namba: ni cha chenji, kinunue siku hiyohiyo, hasa ukipita usiku barabara ya Morogoro na malori yake.

Na helmeti ya abiria? Mke wangu alikuwa anaikataa kwa sababu ya jasho la watu. Nikamnunulia yake, saizi yake, na kofia ya pamba ya kuvaa ndani kulinda nywele. Sasa anaiweka juu ya kabati, na hata mimi haniruhusu kuigusa.