Glock 17 na Glock 19: miaka tisa kiunoni

Mpwa wangu kapata kazi Dar es Salaam, kusindikiza fedha za mabenki, kazi ileile niliyoifanya mie miaka tisa kabla sijarudi Wete. Juzi usiku kanipigia. Baada ya shikamoo na kuulizana wagonjwa akaingia moja kwa moja: "Mjomba, wametwambia tuchague bastola. Kubwa au ndogo?" Nikamwambia hili si la kuchagua kwenye simu, ntakuandikia. Nilipoanza kuandika nikaona maneno yananizidi, na barazani kwetu wapo wanaobishana hayohayo kila jioni hali ya kuwa hata moja hawajaishika. Basi nao wasome.

Nilizovaa ni mbili, zote Glock, za Austria, zote za risasi ya milimita 9. Ya kwanza 17, ndiyo kubwa, iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982. Bwana Gaston Glock mwenyewe kabla ya hapo alikuwa hajaunda bastola hata moja. Alikuwa akitengeneza visu na vyuma vya kutundikia mapazia. Ya pili 19, iliyotoka 1988, ambayo watu huiita ndogo. Si ndogo. Ndogo khasa ni 26, hiyo inabeba risasi kumi na kitako chake, pale pa kushikia, kinaishia kabla vidole havijaisha. 19 ni ya kati. Wala msidanganywe na namba: 17 inabeba risasi 17 kweli, lakini 19 inabeba 15.

Mtutu wa 17 una milimita 114, wa 19 una 102. Kwa kimo, kubwa ni milimita 139 na ya kati 128. Ziweke mezani ubavu kwa ubavu, tofauti haifiki upana wa kidole gumba, na anayeziona mara ya kwanza huuliza kugombana kote huku ni kwa ajili gani. Zikijazwa risasi zinapishana gramu 60 hivi. Uzito huo mie sikuuhisi hata siku moja. Nilichohisi ni ile tofauti isiyofika kidole.

Nianze na kulenga, maana hapo ndipo 17 ilinishika moyo. Uwanjani tulikuwa tunapiga mita 7, kisha 15, kisha 25. Mita 7 usinambie lolote, zote sawa, hata karatasi haijui umepiga na ipi. Tatizo linaanza 25. Kwa 17 risasi zangu kumi zilikuwa zinakaa kwenye kisahani cha chai. Kwa 19, mkono uleule, siku ileile, zinataka sahani ya wali. Mwalimu wetu alinionesha sababu kwa kidole: ile ncha ya mbele na lile pengo la nyuma unalochungulia, kwenye 17 vimeachana milimita 165, kwenye 19 kama 153. Vikikaribiana, kosa dogo la jicho halionekani, lakini karatasi inaliona. Halafu kuna teke. Risasi ni ileile na baruti ileile, lakini 19 nyepesi kidogo na kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ni kifupi, kwa hiyo inaruka zaidi mkononi. Risasi kumi za mwanzo hujali. Ukifika hamsini, kifundo cha mkono kinakuambia.

Wenye mikono midogo nao wanajidanganya, na hapa nimewaona wengi. Alikuwapo dada mmoja kikosini kwetu, mkono wake kama wa mtoto wa madrasa, akaomba 19 kwa kuwa "ndogo itanikaa". Haikumkaa. Kitako cha 19 ni kifupi kuliko cha 17, lakini unene ni uleule, na kidole cha shahada kinasafiri masafa yaleyale mpaka kufika kwenye kifyatulio. Alichopata ni teke kubwa zaidi basi. Kilichomsaidia ni kupewa 17 ya kizazi cha nne, zile zilizotoka kuanzia 2010, ambazo mgongo wa kitako unabadilishwa, unapachika mnene au unauacha mwembamba. Wakaiacha na mgongo mwembamba kabisa, na kufikia mwisho wa mwaka akawa anatushinda sote kwa shabaha. Mwenye vidole virefu kama mpwa wangu (kavirithi upande wa baba, sisi huku hatuna) atakuta kwenye 19 kidole cha mwisho kinatafuta pa kukaa. Si jambo la kufa mtu, lakini linaudhi.

Sasa kuivaa. Hapa ndipo 17 ilipoanza kunitoa machozi.

Miaka minne ya mwanzo nilikuwa na sare na mkanda mpana, bastola iko nje ubavuni, kila mtu anaiona, na ndiyo kazi yake ionekane. Humo 17 haina mpinzani. Sioni sababu hata moja ya mtu mwenye sare kubeba ya kati, ila gari. Ndani ya gari, ukikaa, ncha ya mtutu inagonga kiti na kitako kinapanda mbavuni. Foleni ya kutoka Kariakoo mpaka Mwenge saa kumi na moja jioni, na chuma kinakuchoma ubavu wa kulia kama mtu anayetaka kukwambia siri. Nilikuwa nikishuka natembea upande kama kaa. Zile milimita 12 za mtutu, ambazo mezani hazina maana, kwenye kiti cha gari ni rehema.

Kisha wakanihamishia kwa mteja ambaye hakutaka walinzi wa sare. Shati juu, bastola ndani ya kiuno cha suruali. Nikadhani kinachofichika kwa shida ni urefu wa mtutu. La. Mtutu umeingia ndani ya suruali, uwe mrefu uwe mfupi, nani anauona? Kinachokufedhehesha ni kitako, maana chenyewe kiko juu ya mkanda na kimekaa kwa kukingama. Ukiinama kidogo, kinalisukuma shati. Siku ya tatu nimekaa kwa mama ntilie Kariakoo, nainamia sahani, mama yule akanitazama mgongoni akaniambia taratibu, "Baba, shati lako limeota pembe." Sikumaliza ule wali. Kesho yake nikaomba 19.

Na kwetu pwani hakuna ujanja wa koti. Mtu wa Ulaya anajivalia jaketi anaficha hata bunduki, wewe ukivaa koti mwezi wa pili Dar kila mtu atakuuliza una nini. Ni shati jepesi, tena limeshalowa jasho na limeganda mwilini. Kuna aliyenishauri kanzu. Kanzu inaficha sana, kweli, ila siku ukiihitaji utaipandisha mpaka kifuani mbele za watu.

Kwa hiyo 19 niliivaa miaka mitano, chini ya shati, na pembe haikuonekana tena. Na ina zawadi moja ambayo 17 haina: magazini ya 17, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako, inaingia kwenye 19. Inajitokeza kidogo kwa chini, haidhuru. Iliyomo kwenye bastola nilikuwa naweka fupi, ya akiba mfukoni naweka ndefu ya 17. Kinyume chake hakiwezekani, magazini ya 19 kwenye 17 haifiki juu.

Siku hizi zipo zilizochanganywa, 19X na 45: kitako cha kubwa, mtutu wa ile ya kati. Kwa mtu wa kuficha huo ni ukorofi mtupu, wamekata palipokuwa hapaonekani wakaacha panapoonekana. Lakini kwa mtu wa sare anayeshinda ndani ya gari ndiyo dawa khasa, na ningeipata enzi zangu ningeibusu. Hata Wamarekani walipobadilisha bastola za jeshi mwaka 2017 walichukua bastola ya kampuni ya SIG, ya aina mbili, M17 ndefu na M18 fupi, na wanamaji wao wa nchi kavu, Marines, wakaamua M18 kwa wote. Watu wa kuingia na kutoka kwenye magari, wanajua.

Jambo ambalo mpwa wangu hakuniuliza, na nalitaka alisome mara mbili, ni ala, ule mfuko wa kuivalia bastola. Glock haina kile kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake uko humohumo kwenye kifyatulio na ndani: usipokigusa hailii, ukikivuta inalia. Chochote kikikivuta inalia, si lazima kiwe kidole. Mie, kwa kubana matumizi, nilinunua ala ya kitambaa barabarani, shilingi 15,000, laini kama soksi. Ikakaa vizuri miezi miwili. Jioni moja narudisha bastola, nikahisi kitu kinabishana nayo, kama inagonga godoro. Ningesukuma. Sijui kwa nini sikusukuma. Nikaitoa, nikatazama: ukingo wa kitambaa umekunjika ndani, na ule mkunjo umekaa mle mle kifyatulio kinapopita, kama kidole kinachosubiri. Risasi iko chemba, yaani imeshaingia nyuma ya mtutu, tayari kulia. Nilikaa kitandani muda mrefu. Asubuhi nikanunua ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyojikunja mdomo, ikanila karibu robo ya mshahara, na ile ya kitambaa nikaikata kwa mkasi ili asiichukue mwingine.

Na unapoifungua kuisafisha, kumbuka Glock inataka uvute kifyatulio kwanza ndipo chuma cha juu kitoke. Kwa hiyo toa magazini, vuta chuma nyuma, tazama chemba kwa jicho, ingiza na kidole uhakikishe, kisha elekeza kwenye sanduku la mchanga ndipo uvute. Ukianza na chemba halafu magazini, umejipakilia mwenyewe.

Chumvi nayo. Kitako ni plastiki, hakina wasiwasi, na chuma cha juu kimetiwa dawa ngumu. Vidogo vidogo ndivyo vinavyoota kutu: springi, pini, skrubu za ala. 19 iliyolala kwenye ngozi yenye jasho ilitaka kufutwa kila usiku, wakati 17 ya nje ya mkanda nilikuwa naifuta mara mbili kwa wiki na inaniambia ahsante. Mafuta ni tone tu. Mpemba mwenzangu mmoja aliipaka yake mafuta ya nazi, mazuri, ya kukamuliwa nyumbani. Baada ya wiki chache ilikuwa na harufu ya kachumbari iliyolala na vumbi la Ubungo lote limenasa ndani. Mwenye ghala la silaha alimtukana kwa lugha tatu.

Basi mpwa wangu: ukipewa sare na mkanda wa nje, chukua 17 na uvumilie kiti cha gari. Ukiambiwa vaa kiraia, 19, na usimsikilize anayesema mwanamme habebi ndogo. Huyo hajawahi kuambiwa shati lake limeota pembe. Kama watakuwekea risasi 50 kwa mwezi za mazoezi, chukua nusu yake uipigie mita 25.

Nilikuwa sijamaliza kuandika haya akapiga tena. "Mjomba, waliotangulia wamezimaliza zile 19. Zimebaki 17 tupu, na kazi yangu ni ya kiraia." Nikamwambia suruali anunue kubwa kwa nambari moja, shati liwe la maua maua, na akienda kwa mama ntilie asikae amempa mgongo.