Tahadhari: mafundi wanaouza gesi kwa friji isiyopungukiwa gesi, Nairobi

Wakaazi wa Umoja, Donholm, Kayole na Komarock, tafadhalini someni hii kabla ya kumpigia simu fundi aliyebandika karatasi kwenye nguzo ya stima. Kuna wakora wanazunguka mitaani na mtungi wa gesi, na wanaowalenga hasa ni watu wenye friji za kujiyeyusha zenyewe, hizi zilizoandikwa No Frost mlangoni. Mimi ni fundi wa friji. Zile walizozigusa huishia kwangu zikiwa zimeharibika kuliko zilivyokuwa, na inauma kumweleza mtu kwamba hela aliyotoa haikuhusiana kabisa na ugonjwa wa friji yake.

Wa karibuni ni mama mmoja wa Umoja anayeuza maziwa lala na juisi. Friji yake ilikuwa haipoi chini, maziwa yanaharibika, lakini juu kwenye friza bado kuna baridi. Fundi alikuja, akaweka kiganja juu ya kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi kule nyuma, akasikiliza kidogo, akasema: "Mama, gesi imeisha. Ni ya kujaza." Hakufungua hata skrubu moja. Akalipwa Sh6,500, akachomea paipu kule nyuma, akajaza gesi yake, kisha akatoa agizo ambalo naomba mlishike vizuri: "Toa vitu vyote, acha milango wazi, usiwashe mpaka kesho ndio gesi itulie."

Kesho yake friji ikapoa vizuri sana. Mama akafurahi, hata akampa jirani nambari ya fundi. Haikumaliza wiki mbili, maziwa yakaanza kuharibika tena. Fundi akarudi na maneno mapya: kompresa ndiyo imechoka na inavujisha gesi, lazima friji iende karakana. Akadai Sh7,000 za mwanzo, akaipakia kwenye Probox. Iliporudi ilipoa siku chache, ikarudia yale yale. Sasa ukimpigia, mteja wa nambari hiyo hapatikani.

Ujanja wote umo kwenye lile agizo la kuacha milango wazi hadi kesho. Gesi haihitaji kulala ndipo itulie. Kilichotokea usiku ule ni kwamba barafu iliyokuwa imeziba friji kwa ndani iliyeyuka. Baridi ya zile siku chache ililetwa na kuyeyuka kwa barafu, na mama angeipata bure kwa kuchomoa plagi tu. Lakini kwa macho ya mwenye friji, fundi amejaza gesi na friji imepona, kwa hiyo inaporudia ugonjwa anaamini kweli kuna mahali panapovuja. Hapo ndipo anauziwa kompresa.

Nilipofungua paneli ya nyuma ya friza mbele ya mama huyo, koili, yaani paipu zilizokunjwa zinazoleta baridi, haikuonekana. Barafu ilikuwa imejaa kama zege, kuanzia chini hadi juu, na mapanga ya feni yameshikwa ndani yake. Tuliyeyusha polepole, nikachomoa hita iliyo chini ya koili. Ni ya mrija wa kioo, na waya wake ulikuwa umekatika karibu na ncha moja, kioo kimeungua na kuwa cheusi pale pale. Nikaweka mita ya kupimia umeme, haikusoma kitu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza: hita imekufa, friji haijiyeyushi.

Niwaeleze mashine hii inavyofanya kazi, kwa sababu ukiijua hudanganyiki kirahisi. Kwenye friji ya namna hii kuna koili moja ya baridi, imefichwa nyuma ya paneli ya friza. Feni hupuliza hewa juu yake, baridi ikasambaa friza na kuteremka chini kupitia tundu. Unyevu wa vyakula na wa hewa inayoingia kila mlango unapofunguliwa huganda juu ya koili. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa, 6 hadi 12 kwa friji nyingi zenye taima (saa ndogo inayoamua wakati wa kuyeyusha), kompresa huzimwa na hita huwaka kama dakika 20 au 30. Barafu inayeyuka, maji yanateremka kwa mrija mdogo hadi kwenye sinia juu ya kompresa na kukauka yenyewe. Koili ikishapata joto, thamostati ndogo iliyobanwa juu yake hukata hita. Friji nyingi za kisasa hazina taima, zina bodi ya elektroniki na sensa ya kupima joto, lakini kazi ni ile ile. Kikifa kimoja kati ya hivi, barafu hujengeka siku baada ya siku mpaka hewa inakosa pa kupita. Friza hubaki na ubaridi kwa kuwa iko karibu na koili, huku chini sukuma wiki inanyauka. Wakati mwingine utasikia feni ikikwaruza barafu.

Gesi ikipungua mambo huwa tofauti, na fundi yeyote wa kweli anajua. Ukifungua paneli utakuta barafu kidogo tu upande ule gesi inapoingilia, koili iliyobaki ni tupu. Na hata ukiyeyusha usiku kucha, ukiwasha haipoi inavyotakiwa. Koili iliyofunikwa theluji yote, sawasawa, inakuambia gesi ipo na inazunguka. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Imefungiwa ndani, na ikipungua lazima kuna mahali inatoka. Anayetaka kujaza bila kukuonyesha inapovuja, mwambie asubiri.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote, fanya hivi mwenyewe. Zima friji, chomoa plagi, ondoa vyakula, acha milango wazi siku nzima na matambara chini. Usichokonoe barafu kwa kisu. Ukitoboa paipu ya koili utakuwa umewaletea wakora ugonjwa wanaoutaka. Ukiwasha tena ikapoa vizuri kwa siku kadhaa halafu chini kukaanza joto huku friza ikibaki na baridi, karibu kila mara ni mfumo wa kuyeyusha, au maji yameziba mrija yakaganda. Angalia pia mpira wa mlango. Bana noti kati ya mlango na friji kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa inaingia hapo na barafu itajaa hata kama hita ni nzima.

Fundi akifika, lazima afungue paneli ya friza uone kwa macho yako. Kama friji ina taima, ataizungusha taratibu kwa bisibisi mpaka isikike "tak", kompresa inyamaze, na baada ya muda mfupi utasikia barafu ikianza kutatarika kwa joto la hita. Isipotatarika, achomoe plagi na apime hita kwa mita. Hita ya wati 150 kwa stima yetu ya volti 240 husoma karibu omu 384. Iliyokatika haisomi chochote. Sasa jihadhari na mchezo mmoja hapa: ile thamostati ndogo hupitisha stima ikiwa kwenye baridi kali tu. Kuna wanaoichomoa, wanaiacha ipate joto mkononi, kisha wanakuonyesha kwamba mita haisomi na kukuambia imekufa. Ikiwa na joto, hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mwambie aipime ikiwa imetoka kwenye barafu.

Jambo la gesi yenyewe linanitia hofu zaidi ya hela. Bamba la friji ya yule mama limeandikwa R600a. Hiyo ni isobutani, jamaa ya gesi ya kupikia, inashika moto, na friji ya nyumbani hubeba gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100. Kwenye picha aliyopiga mtoto wake, mtungi wa fundi umeandikwa R134a. Hizo ni gesi mbili tofauti, na kompresa ya moja haikutengenezwa kwa nyingine. Tena alichomea kwa moto ndani ya chumba kimoja, dirisha limefungwa, watoto wamelala kitandani. Soma bamba la friji yako leo, liko ndani ukutani au nyuma karibu na kompresa, na usikubali fundi awashe moto wa kuchomea paipu ndani ya nyumba yenye friji ya R600a.

Na kuhusu karakana: kompresa iliyorudi na friji ya mama huyu siyo iliyoondoka. Hii imepakwa rangi nyeusi mpya juu ya kutu, na nambari za kwenye kibandiko hazifanani na zile za kwenye picha ya zamani ya friji. Ile yake nzima imeuzwa kwingine. Kabla friji yako haijavuka mlango, piga picha ya kibandiko cha kompresa, nambari zisomeke, na picha ya kitambulisho cha anayeibeba. Andikianeni, hata kwa karatasi ya daftari, ni kitu gani kinaenda kutengenezwa na kwa bei gani. Kila kilichobadilishwa urudishiwe kile cha zamani.

Kwa mliokwisha kuibiwa, msifute ujumbe wa M-Pesa. Una jina, tarehe na kiasi. Piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani imekuwa ikisikiliza kesi tangu 2021, inapokea madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaipa siku 60 kutoa uamuzi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko upande wenu pia. Yule mama ameanza safari hiyo, na nimemwandikia nilichokikuta ndani ya friji yake nikatia sahihi.

Jina na nambari ya mtu huyo sizitaji hapa kwa sababu kesi iko mbele. Lakini mkimwona kijana mwenye Probox anayesema "gesi imeisha" kabla ya kushika bisibisi, na baadaye "acha milango wazi itulie", mjue ni mchezo huo. Na kama friji yako iko mikononi mwao sasa hivi na wanakuomba salio kwa simu, usitume. Nenda ulipoambiwa iko, uangalie nambari ya kompresa kwanza.