Semina ya haki zako ukikamatwa, Kaloleni Arusha: naipa nyota nne

Machalii wa Chuga, jumamosi niliingia ile semina ya vijana kuhusu haki za binadamu na polisi, ni bure, na nilienda tu kwa vile mshkaji wa kijiweni alinivuta nikajua ni porojo za projekta na soda. Kumbe wapi. Dada mwanasheria akauliza dhamana ya polisi shingapi, kila mtu akataja bei yake, huyu elfu hamsini yule laki, akasema dhamana ni bure, ukumbi kimyaaa. Mimi dereva boda nishawahi kulala ndani siku mbili bila kuambiwa kosa, kumbe natakiwa kuambiwa sababu na kama sijapewa dhamana nipelekwe mahakamani ndani ya saa 24. Iliniuma aisee.

Igizo ndo lilikuwa tamu, mmoja afande mmoja boda, unafundishwa kuuliza jina na kituo kwa upole bila kupaniki.

Nyota imepungua hapa: hakukuwa na polisi hata mmoja, sasa tunajadili nao vipi? Halafu Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iko hapahapa mjini toka 2007 lakini nimeambiwa Tanzania ilijitoa kwenye lile tamko la kuruhusu raia kwenda huko wenyewe mwaka 2019, so raia wa kawaida hawezi tena kufungua kesi mpya moja kwa moja. Hilo walilipitia dakika mbili tu, na mimi ndo nilitaka wakae hapo. Next time waje Ngaramtoni, na saa tatu iwe saa tatu kweli.