Dagaa "gredi wani" mwaloni Kibirizi, safari hii nimeelewa maana yake

Wakuu mi dagaa wa Kigoma nimewala tangu utoto, ila hilo neno gredi wani lilishanichosha. Kila kiroba gredi wani. Mwaka jana niliagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja simtaji, tangazo herufi kubwa GREDI WANI, mzigo umefika Tabora nimeosha maji matano bado mchanga unalia kwenye meno, watoto wakasusa, sufuria nzima nikamwaga. Iliniuma sana.

Sasa juzi nilikuwa Kigoma msibani nikasema lazima nishuke Kibirizi mwenyewe. Kuna mama pale ana meza na maungo yake, nikamsalimia nikauliza mama hawa gredi gani, akanijibu "gredi ya nini mwanangu?" Nikabaki namwangalia. Akachota konzi moja akaipepeta kwenye ungo mweupe mbele yangu, akaniambia angalia chini, hakuna hata punje, hawa wameanikwa juu ya chanja sio mchangani. Akanionyesha na wengine wa bei ya chini, nao wa chanja vilevile ila walipigwa na mvua kabla hawajakauka, rangi ya fedha imepotea wamekuwa kahawia na ukiwashika wanavunjika, halafu kuna fungu la tatu wakavu safi kabisa lakini wamechanganyika na vitoto vya migebuka, yaani samaki wengine sio dagaa. Yaani mafungu matatu, na kila moja angetaka angeliita gredi wani kwa sababu yake! Yeye anakwambia hali ya kila fungu, unachagua mwenyewe.

Nimelifikiria hili njiani kwenye treni narudi. Ukikata tiketi daraja la kwanza unajua ni vitanda viwili chumbani, la pili kulala ni sita, hakuna ubishi. Hata mtoto akikwambia amepata divisheni wani fom foo bado unauliza ya pointi ngapi, maana ya 7 na ya 17 zote ni wani lakini sio sawa hata kidogo. Kwa dagaa ndo hakuna anayeuliza, tunasikia neno tunatoa hela.

Nilichukua wa chanja sado mbili, bei imezidi kidogo ya wale wa mvua lakini nimeosha maji mawili tu, nimekaanga na nyanya na mawese, hakijabaki kitu kwenye sahani. Kufunga mzigo pia anajua, kiroba ndani ya kiroba, begi langu halijanuka mpaka nafika.

Ila msiende mbalamwezi, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza kwa hiyo mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika na mzigo mpya hakuna. Nilimuuliza akija mteja siku hizo anafanyaje, akasema namwambia hawa ni wa wiki iliyopita, akitaka achukue, asipotaka asubiri giza.