Bobby Bonilla: fedha taslimu mwaka 2000, au malipo hadi 2035?

Klabu ya besiboli ya New York Mets ilipotaka kuachana na mchezaji wake Bobby Bonilla, bado ilipaswa kumlipa dola milioni 5.9 za mkataba wake. Angeweza kuzichukua zote mwaka 2000. Alikuwa tayari tajiri: mwaka 1991 alisaini na Mets miaka 5 kwa dola milioni 29, na mwaka 1997 alitwaa ubingwa na Florida Marlins.

Yeye na wakala wake walichagua kusubiri. Fedha zilikaa zikizaa riba ya asilimia 8, na tangu 2011, kila tarehe 1 Julai, anapokea dola 1,193,248.20. Malipo ni 25, jumla karibu milioni 30. Alicheza mara ya mwisho mwaka 2001!

Wapo wanaosema angewekeza mwenyewe. Sawa, lakini angehitaji faida ya asilimia 8 kila mwaka, bila kukosea, kwa miongo zaidi ya mitatu. Mimi ningesubiri kama yeye. Mwanamichezo hustaafu kijana, na fedha za mkupuo huvutia ndugu, marafiki na biashara mbovu. Mshahara wa kila Julai hauliwi kwa siku moja.